Kaka na Kibuyu cha Wakwe

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si mtu wa kusifia ndugu zangu. Waulize wateja wangu pale Hamugembe, Bukoba, wanaonisikia nyuma ya cherehani tangu asubuhi. Nikianza kuwasema watu wa kwetu, hata marehemu hawaponi. Lakini kaka yangu mkubwa, yule wa Ijumbi, huyo nitamsifia mpaka mnichoke. Anayetaka kubisha avute kiti kwanza akae, maana habari yenyewe si fupi.

Kaka alikuwa mlevi. Neno hilo silainishi. Wapo wanaosema "alikuwa anatumia kidogo" au "alikuwa mtu wa vinywaji". Wapi! Alikuwa mlevi wa kuokotwa. Aliokotwa kwenye mtaro wa barabara ya kwenda Muleba, akaokotwa chini ya mibuni ya jirani, akaokotwa mlangoni pa kanisa siku ya Komunyo ya Kwanza ya binti yake, suruali imelowa, watoto waliovaa nguo nyeupe wakimpita pembeni. Ilianza na bia za sikukuu, zikawa bia za kila Jumamosi, halafu ikawa gongo, kwa sababu gongo ni rahisi na haichelewi. Kahawa akawa anaiuza ikiwa bado maua mtini, ule mtindo tunaouita butura, na mnunuzi akija kuchuma kaka alikuwa hakumbuki hata kama aliuza. Wifi yangu alifungasha akarudi kwao, akabembelezwa, akarudi, akafungasha tena. Yule binti alipoingia kidato cha kwanza nilimchukua nikakaa naye mimi. Mtoto atasomaje kwenye nyumba ambayo kila jioni anasikiliza hatua za baba yake uani, ili ajue leo amekuja baba yupi?

Na alikuwa mtu mzuri jamani, hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Akiwa mzima, hakuna Ijumbi yote aliyejua kutunza kibanja kama yeye. Migomba yake ilikuwa inashiba mbolea, majani makavu yametandazwa chini vizuri, mkungu ukianza kuelemea tayari ameuwekea nguzo. Alikuwa na vichekesho, alikuwa na huruma, mgonjwa wa kijiji akihitaji kubebwa yeye ndiye wa kwanza kushika machela. Kama pombe ingemchukua yule mpangaji wangu wa chumba cha nyuma nisingelalamika sana. Ilimchukua kaka.

Mara ya kwanza kuacha, aliacha kwa hasira. Alijifungia ndani Jumatatu, akasema sinywi tena, mnisikie wote. Jumatano wifi akanipigia simu.

"Wifi," akasema, "kaka yako anakamata senene ukutani. Ameniagiza beseni."

"Senene? Mwezi huu?"

"Ndiyo nashangaa. Senene hakuna hata mmoja."

Nilicheka, maana panzi hao wa kuliwa huja kwa msimu wao tu. Halafu nikasikia kule nyuma kaka anapiga kelele kwamba wanamwingia masikioni, nikaacha kucheka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka, na mchana huo akaanguka kwa degedege. Walimpakia kwenye bodaboda, jirani nyuma anamshikilia kama gunia, mpaka hospitali. Daktari, mwanamke mmoja mpole lakini ukimzingua hakuachi, alituambia jambo ambalo hatukuwa tunalijua. Mwili uliozoea pombe kali miaka mingi haunyang'anywi ghafla. Mtu anaweza kufa kwa kuacha, kama anaacha peke yake chumbani. Alitakiwa aje kwanza kwao, apewe dawa za kumtuliza, apunguzwe akiangaliwa. Nilimwambia, daktari, sisi tulidhani kuacha ni kuacha tu. Akasema wengi wanadhani hivyo.

Kaka alitoka hospitali amekonda, macho bado ya njano kwa sababu ya ini, lakini akili zimerudi. Tukatoa misa ya shukrani. Mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa hai, alifurahi kupita kiasi. Na alichofanya mama kwa furaha yake ndicho mama yeyote wa Kihaya angefanya: alimkamulishia mwanawe rubisi ili arudishe damu.

Hapa lazima nieleze, msije mkamlaumu mama yangu bure. Rubisi ni ndizi. Unachukua zile ndizi za kukamulia tunazoziita embiile, unaziivisha, unazitia kwenye mtumbwi wa mti pamoja na majani, wanaume wanazikanyaga mpaka juisi itoke. Unachanganya na mtama uliokaangwa na kusagwa, unaifunika, kesho yake ni kinywaji. Mtoto akizaliwa kuna rubisi. Binti akiposwa kuna rubisi, mtu akizikwa kuna rubisi, jirani akikusaidia kupalilia unamtuliza kwa rubisi. Kwetu ukisema pombe watu wanaelewa vitu vya chupa, na gongo. Rubisi ni heshima. Kwa hiyo kaka aliyeacha pombe alikuwa anakaa barazani na kibuyu chake na mrija wake kila siku ya Mungu, wifi mwenyewe anamjazia akishukuru kwamba sasa mume anakunywa nyumbani, na nyumba nzima tunamsifu kwamba ameacha. Hakuna aliyeona kosa.

Haikuchukua muda. Kibuyu cha jioni kikawa na mwenzake wa asubuhi, na siku moja wakamkuta kwenye mtaro uleule. Tulirudi naye kwa yule daktari.

"Baba, tulikubaliana uache pombe."

"Niliacha, daktari. Sijagusa."

"Ulikuwa unakunywa nini?"

"Rubisi."

"Na rubisi ni nini?"

Kaka alimtazama kama mtu anayemhurumia. "Rubisi ni rubisi, daktari."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Daktari hakucheka. Alisogeza kiti, akamweleza pole pole kwamba ini halijui heshima, halijui kibuyu wala chupa, na kwamba kwa mtu aliyefika alipofika yeye hakuna kinywaji kidogo. Tone ni mlango, akisukuma kidogo tu ataingia mzima. Kaka akauliza, "Sasa nitazikaje watu?"

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Alikuwa anauliza ataishije Uhayani.

Nitakachowaambia sasa ndicho kinachonifanya nimsifie. Alirudi nyumbani, akanoa panga, akaingia kibanjani akakata embiile zote. Zote! Ile migomba ilipandwa na babu yetu. Majirani walisimama njiani wakisema sasa amechanganyikiwa kabisa, bora angekunywa. Yeye alikata, akawapa ng'ombe mashina, akapanda ndizi za kupika mahali pake. Kwa wageni barazani akaweka kisahani cha kahawa za kutafuna, basi. Marafiki zake wa kibuyu walikuja, wakatafuna, wakasubiri. Walipoona hakuna kingine kinachokuja wakaondoka, na wengi hawakurudi. Aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, kumbe nilikuwa na marafiki wa mtama."

Na misibani? Misibani wanaume wanakaa upande wao, na upande wao kibuyu kinazunguka. Kaka akaenda kukaa na wanawake. Fikiria mwenyewe, mwanaume mwenye mvi, baba wa familia, amekaa jikoni uani na kisu, anamenya ndizi na akina mama! Walimwita mama mkwe. Walimwita bibi. Kijana mmoja mpumbavu alimletea kitenge amfunge kiunoni, watu wakaangua kicheko, na kaka akakipokea akakitandika magotini ili utomvu usimchafue suruali. Akaendelea kumenya. Sijui wanaume wangapi ninaowajua wangeweza hilo. Wanaume wetu wana kiburi, mnawajua, anaweza kulala njaa ili mradi koti lina pasi. Kaka alikivua kiburi akakiweka pembeni kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Faida yake akawa anajua umbea wote wa kata, na kila akinipigia simu nilikuwa nafunga cherehani ili nisikie vizuri.

Alianguka mara moja. Mama yetu alipofariki, mtu alimpa kikombe kaburini, akasema ni cha kumuaga mama tu, huwezi kumkatalia mama. Akakubali. Hatukumwona wiki tatu. Tulimpata huko karibu na ziwa, hana viatu, hajui mama amezikwa lini. Nilimsema siku hiyo! Maneno mengine hayaandikiki. Lakini aliinuka mwenyewe, akaenda hospitali mwenyewe, na safari hii alijua njia. Akarudi jikoni kwa akina mama na kisu chake. Ningesema mara ya kwanza alikuwa na bahati. Kuanza upya huku kijiji kizima kinakutazama, hapo si bahati tena.

Sasa binti. Alikuwa ameshamaliza chuo, ana kazi yake mjini Bukoba, bado anakaa kwangu, na akapata kijana wa Kitendaguro. Kijana mtulivu, ana adabu, nilimpenda ingawa sikumwonyesha. Tarehe ikapangwa, wakwe watakuja Ijumbi. Na hapo ndipo tukakumbuka kibuyu.

Kwetu wakwe huja na kibuyu cha rubisi, mdomo umezibwa na jani la mgomba. Msemaji wao anaonja kwanza, watu wote wakiona, ili ijulikane hakina ubaya. Kisha anamkabidhi baba wa binti. Baba akinywa, maneno yao yamepokelewa, na binti ni wao. Asipokunywa amewakataa, na wana haki ya kuinuka na kwenda zao.

Tulikaa kikao cha ukoo. Baba yetu mdogo akasema atapokea yeye kwa niaba.

"Baba yangu yupo hai," binti akasema. Sauti haikupanda. "Nimekaa miaka yote hiyo kwa shangazi nikiwaambia watu baba yangu yupo. Siku hiyo nataka aonekane yupo."

Mwingine akashauri kaka aguse mdomo tu, ajifanye anameza. Kaka akatikisa kichwa. "Midomo yenyewe ndiyo siiamini."

Nikasema mimi basi tuwapigie simu wakwe, tuwaeleze, walete juisi ya ndizi isiyochachuka, hata soda. Ee! Ungedhani nimetukana. Soda! Shangazi mzima anataka tuchekwe mpaka mjini! Watajua binti ametoka kwa mlevi, wataambizana huko, watamdharau kabla hajafika. Niliwaambia kijiji kizima kinajua, na wakwe wana masikio. Hawakutaka kusikia. Ukoo ukaamua usimwambie mtu, na baba mdogo apokee. Ndipo kaka akasema, "Kibuyu nitapokea mimi. Mengine niachieni." Akatoka.

Nilimfuata mpaka zizini. "Utakunywa?"

"Sijui, mdogo wangu. Ningejua ningekwambia."

"Ukinywa nitakuua mimi kabla pombe haijakuua."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naogopa, na nikiogopa huwa nakuwa mkali.

Siku ikafika. Kama shangazi, kazi yangu ilikuwa kukaa chumbani na binti mpaka aitwe, kisha nimtoe nje nikimshika mkono. Gauni nilimshonea mwenyewe. Tukasogeza pazia kidogo tukaona uwanja wote, hema, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Baba mzazi wa kijana alikuwa marehemu, kwa hiyo msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mtu mrefu wa tai, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mama wa kijana alikaa mkekani na wenzake, kanga begani.

Msemaji aliongea vizuri, lazima niseme ukweli. Akafungua jani, akaonja, akajifuta masharubu, akampa kaka kibuyu kwa mikono miwili.

Kaka alikipokea kwa mikono miwili. Kikawa karibu sana na uso wake. Niliona pua yake inavuta ile harufu, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia niliisikia kooni kwangu. Mikono ilianza kumtetemeka, kibuyu kikawa kinacheza. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. Binti akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza, nami nikawa nasema moyoni, Mungu wangu, Mungu wangu, mshike huyu.

"Wakwe zangu," kaka akasema. "Kibuyu nimekipokea. Kukinywa siwezi."

Akakishusha mpaka kifuani, akaendelea.

"Mimi ni mlevi. Sisemi nilikuwa. Nimekaa siku nyingi bila kunywa, lakini nikionja hiki sitaishia kwenye kuonja. Mama yangu nilimzika hivyo, nikiwa nimeonja tu. Waitu, ndugu zangu, nawaheshimu, ndiyo maana nawaambia mimi mwenyewe badala ya kuwadanganya kwa mdomo. Binti huyu hakulelewa na mimi, kwa sababu ya hiki nilichoshika. Mnayemchukua ni mtoto mwema, na wema huo hakuutoa kwangu."

Nilisikia mtu wa kwetu akiguna kwa aibu. Baba mdogo wetu alijifunika uso.

Msemaji wao akainuka, amekunja paji. "Mkwe, usipoonja, maneno yetu utayasikiaje?"

"Kwa masikio," kaka akasema.

Mtu mmoja akacheka akajizuia. Msemaji hakufurahi. "Kwetu kibuyu kikirudi kimejaa, maana yake tumekataliwa. Sisi hatukuja kufundishwa desturi mpya." Na wazee wao wawili wakaanza kushika fimbo zao za kutembelea, kama watu wanaojiandaa kuondoka. Binti akaachia mkono wangu. Nilifikiri anaanguka.

Ndipo mama wa kijana akainuka kutoka mkekani. Mwanamke hainuki pale, haongei pale, si wakati wake, na kila mtu alijua. Alitembea katikati ya viti vya wanaume bila haraka, akafika kwa kaka, akakichukua kibuyu mikononi mwake. Kwa ukaribu ule lazima aliona jinsi mikono ilivyokuwa.

"Shemeji, kaa," akamwambia msemaji wao.

"Lakini shemeji..."

"Kaa. Kaka yako aliambiwa na daktari aache. Aliacha nyumbani. Kwenye posa za watu akaona aibu kukataa, misibani akaona aibu kukataa, hapo kwako ulipokuwa unaozesha akaona aibu kukataa. Ulimpa wewe kibuyu, na mimi nilikuwepo. Aibu hiyo ndiyo tumeizika." Akamwonyesha kaka kwa kidevu. "Angesema mara moja tu maneno aliyosema huyu baba, leo mwanangu angekuja kuoa na baba yake."

Yule mtu mrefu alikaa. Akavua miwani.

Mama akakiweka kibuyu chini kwenye majani, akamgeukia kaka. "Mkwe, tumepewa mtoto au hatujapewa?"

Kaka akainua kichwa. "Mmepewa," akasema.

Nilikuwa nalia vibaya, mimi ambaye silii. Nikatafuta kanga nijifute, nikatafuta viatu vya binti nimvalishe, maana ilikuwa zamu yangu sasa kumshika mkono na kumtoa kwa madaha kama inavyotakiwa. Nilipogeuka chumba kilikuwa kitupu. Alishatoka mwenyewe, peku, gauni langu linaburuzika udongoni, amewapita wakwe wote bila kuwasalimia, amepiga magoti mbele ya baba yake na kuishika ile mikono, ambayo ilikuwa bado inatetemeka.